Maikrofoni ya studio kwa kazi ya sauti: Chumba kwanza, jina baadaye

MSANII wa sauti anayekusudia kununua maikrofoni ya daraja la juu huanza, mara nyingi, na jina moja: Neumann U 87. Ni jina linalotajwa kwa heshima katika studio za Berlin, London na New York, na wanaofanya kazi hiyo Nairobi na Dar es Salaam nao hulitaja vivyo hivyo. Bei yake inalingana na heshima hiyo. Toleo linalouzwa sasa, U 87 Ai, hugharimu zaidi ya dola 3,000 za Marekani kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru, fedha ambayo mkazi wa Dar es Salaam angeweza kununulia pikipiki mpya mbili za bodaboda.

Kwa mtu anayeishi kwa kusoma matangazo ya redio, kusimulia filamu za mashirika na kuingiza sauti katika tamthilia, hiyo si fedha ya kujaribia. Kinachouma zaidi ni kwamba maikrofoni hiyo ikifungwa katika chumba cha kawaida cha kulala, chenye sakafu ya vigae, kuta tupu na dirisha linalotazama barabara, inaweza kutoa kazi mbaya kuliko ile ya maikrofoni ya dola 400. Chombo chenyewe hakina ubovu wowote. Tatizo ni kwamba kinasikia mno.

Zamani swali hili halikumhusu msomaji. Alikwenda kwenye kituo cha redio au studio ya kampuni ya matangazo, akakaa mbele ya maikrofoni aliyoikuta, akasoma, akalipwa, akaondoka. Fundi wa mitambo ndiye aliyejua kilichofungwa pale na kwa sababu gani.

Hali imebadilika. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilionyeshwa nchini Tanzania ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tangu wakati huo watazamaji wamezoea kumsikia mhusika wa nchi ya mbali akigombana na mkwewe kwa Kiswahili fasaha. Aidha, yapo masomo ya kompyuta, maelezo ya huduma za simu na vitabu vya kusikiliza. Sehemu ya kazi hizo hufanyika nyumbani kwa msanii, naye hutuma faili kwa mteja ambaye pengine hawataonana kamwe. Mteja huyo hana muda wa kusikiliza visingizio vya jirani aliyewasha jenereta. Akisikia mwangwi, kazi hurudi au hupewa mwingine.

Vipo vipimo vinavyoonyesha ukali wa wateja hao. ACX, soko la utayarishaji wa vitabu vya kusikiliza lililo chini ya Audible ya kampuni ya Amazon, linataka kelele ya chini ya rekodi, yaani kile kinachosikika msomaji anaponyamaza, isizidi desibeli 60 chini ya kiwango cha juu kabisa cha mtambo. Sauti yenyewe inatakiwa iwe na wastani wa kati ya desibeli 23 na 18 chini ya kiwango hicho, na kilele chake kisipite desibeli 3 chini yake. Hata kwa wasiopeleka kazi huko, takwimu hizo ni rula nzuri ya kujipimia.

Namna mbili za kusikia

Maikrofoni zinazotumika kwa kazi ya sauti ni za namna mbili kuu. Ya kwanza ni ya dainamiki. Ndani yake mna utando ulioshikana na koili ndogo ya waya iliyo kati ya sumaku, na sauti inapoutikisa utando, koili hutembea na kuzalisha umeme kidogo. Ni chombo kigumu, kinachostahimili vishindo, na hakihitaji umeme wowote kutoka nje.

Ya pili ni ya kondensa, iliyobuniwa na E. C. Wente wa Marekani mwaka 1916. Hii ina utando mwembamba sana wa plastiki iliyopakwa dhahabu, wenye unene wa mikroni chache tu, uliotandazwa mbele ya bamba la chuma lenye chaji ya umeme. Wepesi wa utando huo ndio unaoifanya inase pumzi, mlio wa ulimi, na ule ukwaruzo mdogo wa koo ambao humfanya msikilizaji ahisi kuwa msomaji yuko pembeni yake.

Kondensa huhitaji umeme, na kwa kawaida huupata kwa volti 48 zinazopita katika kebo ileile inayobeba sauti. Kiwango hicho kina historia yake. Mwaka 1966 Neumann ilipotengeneza maikrofoni ya KM 84 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway, studio za shirika hilo tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za akiba, na kampuni ikaona ni rahisi kuutumia huohuo. Mpaka leo kadi za sauti za kompyuta zina kitufe kilichoandikwa 48V.

Tofauti ya nguvu kati ya namna hizi mbili ni kubwa. Shure SM7B, ambayo ni ya dainamiki, hutoa takriban milivolti 1.1 kwa kipimo cha sauti ambacho Neumann TLM 103 ya kondensa hutolea milivolti 23. Hiyo ni zaidi ya mara 20. Kwa sababu hiyo SM7B huhitaji kikuza sauti chenye uwezo wa desibeli 60 hivi, na anayeiunganisha kwenye kadi ya sauti ya bei rahisi, kisha akageuza kitufe mpaka mwisho, husikia mvumo kama wa mvua ya mbali. Mwaka 2023 Shure ilitoa SM7dB, yenye kikuza sauti ndani yake, kuwaondolea watu adha hiyo.

Hesabu ya kelele

Katika karatasi za maelezo ya maikrofoni ipo namba inayowavutia wanunuzi wengi: kelele ya chombo chenyewe. U 87 Ai ina desibeli 12. TLM 103, ambayo bei yake ni chini ya nusu, ina desibeli 7. Rode NT1-A ya Australia, inayouzwa kwa takriban dola 200, ina desibeli 5. Anayesoma namba hizo pekee angeshangaa kwa nini kuna mtu anayenunua U 87.

Hata hivyo, namba hizo zinapaswa kuwekwa pamoja na kelele ya chumba. Chumba cha mjini ambacho mwenyewe hukiita kimya, feni imezimwa na dirisha limefungwa, huweza kuwa na desibeli 35. Ukijumlisha kelele ya U 87 kwa njia inayotumika katika desibeli, jumla inakuwa 35.02. Ukijumlisha ya TLM 103, jumla inakuwa 35.01. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kutofautisha hizo mbili. Hata katika kibanda cha studio chenye desibeli 15, kimya ambacho watu wengi hawajawahi kukisikia, tofauti kati ya maikrofoni hizo ni zaidi kidogo tu ya desibeli 1.

Kwa maneno mengine, aliye na chumba cha desibeli 35 analipia utulivu ambao chumba chake kitaumeza wote. Akikishusha chumba hicho hadi desibeli 25 kwa kuziba mianya ya mlango, kuhamisha meza kutoka ukuta wa barabarani na kurekodi saa tisa usiku, atakuwa amepata kitu ambacho hakuna maikrofoni inayokiuza. Wapo wanaofanya hivyo. Ratiba za wasanii wengi wa sauti wa mijini hufuata usingizi wa majirani, adhana ya alfajiri na mvua juu ya mabati kuliko zinavyofuata saa za ofisi.

Mwangwi ni adui wa pili, na huyu hufahamika vibaya zaidi. Sponji nyembamba zenye vichongo, zile zinazobandikwa ukutani na kupendeza katika picha, hupunguza mlio wa juu tu. Sauti ya mwanamume mzima katika mazungumzo ina msingi wa kati ya hezi 85 na 155 hivi. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, na sponji ya sentimeta 3 haiwezi kulizuia. Matokeo yake ni chumba kilichonyang'anywa mng'ao na kuachiwa uvumi wa chini, na rekodi inayosikika kana kwamba msomaji amefunikwa blanketi ndani ya tangi.

Vivyo hivyo kwa ushauri unaopendwa sana wa kujifungia ndani ya kabati la nguo. Nguo zenyewe husaidia kwelikweli. Lakini nafasi yenye upana wa mita 1.2 kati ya kuta mbili ngumu hujenga mlio wake wa asili karibu na hezi 143, katikati kabisa ya sauti ya kiume. Kila neno lenye mlio huo huvimba. Mafundi huiita sauti ya boksi, na hakuna programu inayoiondoa bila kuiharibu sauti yenyewe.

Kinachofaa zaidi ni chumba cha ukubwa wa wastani kilichojaa vitu laini na vizito: kitanda, godoro lililosimamishwa wima nyuma ya msomaji, mapazia mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta, zulia, na paneli za pamba ya mawe zenye unene wa sentimeta 10 kwenye pembe. Seremala wa mtaani anaweza kuunda fremu za paneli hizo kwa mbao na kuzivisha kitambaa kinachopitisha hewa. Gharama yake yote ni sehemu ndogo ya bei ya U 87.

Umbali nao ni aina ya zana. Msomaji akisogea kutoka sentimeta 20 hadi 10, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6 ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ndiyo maana maikrofoni za dainamiki, zilizotengenezwa kusemewa kwa karibu, huficha aibu za chumba. Kutosikia kwao sana ndiko kunakowafaa wengi.

Majina yanayotajwa

Baada ya chumba kufikia hali nzuri, mazungumzo kuhusu majina huwa na maana.

Georg Neumann alianzisha kampuni yake mjini Berlin mwaka 1928. U 87 ilitoka mwaka 1967, na mwaka 1986 ikaja U 87 Ai yenye nguvu zaidi ya kutoa sauti. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Sennheiser mwaka 1991. Maikrofoni hiyo ina mielekeo mitatu ya kusikia: pande zote, umbo la moyo, yaani mbele zaidi kuliko nyuma, na umbo la namba 8, yaani mbele na nyuma. Msomaji wa peke yake hutumia umbo la moyo karibu siku zote, na kwa hiyo anayenunua U 87 kwa kazi hiyo tu hulipia mielekeo miwili asiyoihitaji.

Kwa nini basi wanaopata fedha huendelea kuinunua? Sababu kubwa ni kufahamika. Kwa zaidi ya nusu karne wahandisi wa sauti wameisikia kila siku, wanajua itakavyokaa juu ya muziki na chini ya muziki, na vifaa vyao wamevizoesha kwayo. Tangazo lililorekodiwa Januari likihitaji sentensi moja mpya mwezi Septemba, na msomaji akawa mji mwingine, studio ya huko nayo ina uwezekano wa kuwa na U 87, na sentensi hiyo itaingia mahali pake bila kushtua sikio. Mteja wa kampuni kubwa hulipia usalama huo. Msanii ambaye hana wateja wa namna hiyo hana budi kujiuliza ni nani atakayeufaidi. Ni kweli pia kwamba U 87 iliyotunzwa haiporomoki sana bei, hivyo fedha iliyowekwa humo haipotei yote.

TLM 103 ilitolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 1997 kwa ajili ya studio ndogo. Ina uelekeo mmoja tu, umbo la moyo, na kichwa kilichotokana na kile cha U 87. Si nakala yake ya bei rahisi, ingawa wauzaji hupenda kuisifu hivyo. Mlio wake umenyooka hadi takriban hezi 5,000, kisha hupanda kwa desibeli 4 hivi, jambo linaloipa sauti mng'ao na kuifanya ipenye katika redio ya gari. Kwa msomaji mwenye sauti nzito iliyofifia, ni zawadi. Kwa mwenye "s" kali inayopiga mluzi, ni adhabu ya kila siku.

Ya tatu ina asili ya ajabu. Sennheiser MKH 416 ilitengenezwa kwa ajili ya filamu: bomba jembamba la sentimeta 25 linaloning'inizwa juu ya waigizaji nje ya fremu ya kamera. Wasomaji wa matangazo ya filamu na televisheni mjini Los Angeles waligundua kuwa ukilisemea kwa karibu, bomba hilo hutoa sauti ya kifua, iliyobanwa na yenye makali, inayokaa mbele ya muziki na milipuko. Leo ni sauti ya kawaida ya matangazo ya Marekani. Bei yake ni karibu dola 1,000.

Wengi huamini kuwa kwa sababu MKH 416 husikia mbele tu, basi huponya chumba kibaya. Si kweli kabisa. Bomba lake hufanya kazi vizuri kwa milio ya juu, na kwa milio ya chini huwa halina tofauti kubwa na maikrofoni ya kawaida yenye uelekeo mwembamba. Katika chumba kidogo chenye kuta tupu, mwangwi huingia kwa pembeni ukiwa umepotoshwa. Hali kadhalika, msomaji anayetikisa kichwa anaposoma hutoka nje ya mstari wake, na sauti yake hubadilika katikati ya sentensi.

Hata hivyo, kwa wakazi wa pwani chombo hiki kina sifa ambayo haitajwi sana madukani. Kondensa ya kawaida hutegemea chaji iliyohifadhiwa kati ya utando na bamba, na unyevunyevu ukiingia chaji hiyo huvuja, maikrofoni ikaanza kutoa mlio kama wa vitumbua katika mafuta. Mfululizo wa MKH hutumia mkondo wa masafa ya juu badala ya chaji tuli, na hivyo hustahimili unyevu kwa kiwango kikubwa. Kwa anayefanya kazi Mombasa, Zanzibar au Tanga bila kiyoyozi cha kudumu, hilo ni jambo zito kuliko desibeli mbili tatu katika karatasi ya maelezo.

Wenye vyumba visivyotengenezeka, nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani, wanafaa kuzitazama za dainamiki. Electro-Voice RE20 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1968, imeundwa ili besi isivimbe msomaji anaposogea karibu, na kwa sababu hiyo watangazaji wa redio wameipenda kwa miongo kadhaa. SM7B, toleo la mwaka 2001 la SM7 ya miaka ya 1970, huuzwa kwa takriban dola 400. Anayedhani kwamba bei hiyo ni dalili ya udhaifu akumbuke kuwa mhandisi Bruce Swedien alitumia SM7 kunasa sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller mwaka 1982, ilhali studio yake haikukosa maikrofoni za bei ya juu.

Kiswahili na pumzi

Majaribio mengi yanayopatikana kuhusu maikrofoni yamefanywa kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili anayo mambo yake ya kuangalia.

Sauti za "b", "d" na "g" za Kiswahili, zisipotanguliwa na "m" au "n", wasemaji wengi wa pwani huzitamka kwa kuvuta hewa ndani kidogo, kwa hiyo hazirushi upepo kwenye utando. "P", "t" na "k" ni kinyume. Katika lahaja za pwani, paa la nyumba na paa wa porini hutofautishwa kwa pumzi: yule wa porini hutamkwa kwa pumzi ya nguvu, na pumzi hiyo ndiyo inayotoa mshindo katika rekodi. Msomaji wa Mombasa mwenye matamshi ya asili anaweza kuhitaji kichujio cha pumzi kizito, na kukaa pembeni kidogo ya maikrofoni, kuliko msomaji wa bara anayesoma maandishi yaleyale.

Kisha kuna irabu. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na msomaji mchovu huziacha zikafa hewani. Maikrofoni nyepesi husaidia kuzihifadhi, lakini huonyesha pia pale msomaji alipozimeza. "Sh" na "ch" zinazofuatana, kama katika "kichocheo cha ushindi", ni kipimo kizuri cha ukali wa mlio wa juu kuliko sentensi yoyote ya kuazima.

Kujaribu kabla ya kulipa

Njia ya uhakika ni kukodi studio yenye maikrofoni mbili au tatu zinazofikiriwa na kusoma kwa saa moja. Isomwe aya moja ileile, kwa umbali uleule, na ziwemo namna tatu za kazi: tangazo la kelele, simulizi ya upole na maelezo ya kawaida. Baadaye rekodi zilinganishwe kiwango cha sauti, kwa kuwa sikio huipenda iliyo juu hata kwa desibeli 1 na kuiita bora. Mtu mwingine azibadilishe majina ili mwenyewe asijue ipi ni ipi. Ni zoezi la kunyenyekeza. Si ajabu mtu akachagua ile aliyoidharau.

Zoezi hilo lirudiwe, ikiwezekana, katika chumba kitakachotumika. Wakodishaji wa vifaa vya filamu katika miji mikubwa huwa na MKH 416, na kuikodi kwa siku moja ni nafuu kuliko kujuta kwa mwaka.

Katika majaribio nyumbani, ni vyema kurekodi sekunde 30 za kimya na kuzisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Ukisikika mvumo wa chini usiokoma, huenda unatoka kwenye umeme wa gridi, ambao katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Kompyuta ya mkononi ikichomolewa chaja na mvumo ukatoweka, maikrofoni haina hatia.

Kosa jingine la kuchekesha, ingawa limewagharimu watu kazi, ni kusemea mahali pasipo. U 87 na TLM 103 husemewa ubavuni, upande wenye nembo. MKH 416 husemewa nchani. Aliyezoea maikrofoni ya jukwaani akiielekezea U 87 kinywa kwa juu hupata sauti hafifu iliyojaa chumba, kisha akalalamika kwamba ameuziwa feki.

Feki nazo zipo. Majina makubwa huigwa mpaka maboksi na vyeti, na nyingine hutoa sauti ya kutosha kumridhisha asiyewahi kusikia ya kweli. U 87 mpya inayouzwa kwa dola 600 haina maelezo mengine. Namba ya usajili iliyochongwa kwenye chombo ithibitishwe kwa mtengenezaji au wakala wake kabla ya fedha kutoka mkononi, na risiti ihifadhiwe kwa ajili ya dhamana. Anayeagiza kutoka nje ajumlishe pia ushuru na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Wengi hulikumbuka hilo wakiwa tayari kwenye dirisha la forodha.

Kikuza sauti au kadi ya sauti nzuri, stendi nzito, kishikizo chenye mipira ya kuzuia mitikisiko na kichujio cha pumzi visiachwe nje ya hesabu. Kebo ya sauti iwe fupi na imara.

Maikrofoni ya kondensa ikishapatikana, isipulizwe kamwe kwa mdomo ili "kuijaribu". Mate yakikauka juu ya dhahabu ya utando hushika vumbi na unyevu, na kusafisha utando ni kazi ya fundi maalumu. Baada ya kazi irudishwe katika boksi lake pamoja na vifuko vya silika, vile vidogo vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilishwe kila baada ya muda. Ikitoka katika chumba chenye kiyoyozi kikali kwenda kwenye joto la pwani, iachwe ndani ya boksi kwa saa moja hivi kabla ya kufunguliwa, ili umande usitande juu ya utando ulio baridi.